Kabla hujakoroga chokaa, uliza ukuta umetoka wapi

Jumatatu asubuhi nilifika kwenye kazi moja karibu na Saumur, bonde la Loire huku Ufaransa, nikamkuta kijana wetu, mzaliwa wa Uvira, yuko juu ya jukwaa na karai la saruji ya kijivu, anaziba viungo vya ukuta wa tufo, lile jiwe laini la chokaa. Alikuwa amekwisha maliza mita nne. Mistari imenyooka, kila kiungo kimesuguliwa vizuri. Aliponiona akatabasamu: "Jambo mzee, unaona namna gani?"

Nilipindua ndoo nikakaa. Kumgombeza nilishindwa, maana niliyoyaona pale ni makosa yangu mwenyewe ya miaka ile, ila safari hii yameshikwa na mkono wa mtoto wa watu.

Huyu ni wa tatu tangu mwaka huu uanze. Ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili. Ninyi mnaokuja kwenye kazi za kukarabati majumba ya kale ya Ufaransa, kutoka Kivu, Bujumbura, Moroni, Mombasa na kwetu Unguja, mnafundishwa CL (chokaa inayoganda kwa hewa) na NHL (chokaa inayoganda hata kwa maji) darasani kwa Kifaransa, mnafaulu mtihani, halafu mnapanda jukwaa na mfuko wa saruji begani. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mtaniua kabla ya siku zangu.

1. Jua umesimama juu ya nini

Hakuna kitu kinachoitwa nyumba ya Kifaransa. Kuna nyumba ya Bretagne, nyumba ya Alsace, nyumba ya Toulouse, na hazijuani. Mwashi wa zamani alijenga kwa kile kilichokuwa chini ya miguu yake, kwa sababu mkokoteni wa ng'ombe haufiki mbali ukiwa umebeba mawe. Bretagne ardhi yake ni matale, basi kuta ni za matale. Strasbourg wanateremsha jiwe la mchanga la rangi ya waridi kutoka milima ya Vosges, nalo ndilo lililopandisha mnara wa kanisa kuu hadi mita 142. Clermont-Ferrand wamezungukwa na volkano zilizozimika, na kanisa kuu lao ni jeusi tii. Toulouse haina jiwe la kujengea karibu. Bonde la mto Garonne liliwapa udongo wa mfinyanzi na kokoto za mtoni, wakachoma matofali, mji mzima ukawa mwekundu. Paris nayo imekaa juu ya machimbo yake yenyewe: mawe ya chokaa chini ya mitaa, na jasi ya plasta chini ya kilima cha Montmartre.

Mkitaka shule ya bure, nendeni Angers siku ya Jumapili. Magharibi ya mji ni nchi ya sleti na mawe meusi, wenyewe wanaiita Anjou nyeusi. Mashariki ni nchi ya tufo, Anjou nyeupe. Katikati imesimama ngome ya karne ya 13 yenye minara 17, na minara hiyo imefungwa mishipi: jiwe jeusi, mshipi mweupe, jiwe jeusi, mshipi mweupe. Simama pale nusu saa. Utaelewa nchi mbili zimekutana kwenye ukuta mmoja, na kwamba ukihama kilomita thelathini tu, mchanganyiko uliouzoea hauna kazi tena.

Ila pale palipokuwa na maji ya kusafirishia, jiwe lilifika mbali. Tufo ilisafiri kwa mashua kuteremka mto Loire mpaka Nantes, na waashi wa Nantes walikuwa na akili: chini kwenye kitako cha nyumba waliweka matale yao magumu, tufo wakaianzia juu, mbali na maji ya ardhini. Jiwe la Caen, huko Normandie, lilivuka bahari baada ya Waingereza kushindwa na watu wa Normandie mwaka 1066, likafika kanisa kuu la Canterbury na ngome ya mnara wa London. Sisi wa Pwani jambo hili halitushangazi. Boriti za mikoko za Lamu na Rufiji zilipanda majahazi hadi Ghuba, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya watu huko.

2. Usibadilishe kigae kabla hujapima mteremko

Vigae vya mfereji vya kusini hulazwa juu ya paa la mteremko mdogo, vinakaa kwa uzito wao. Vigae bapa na sleti vinataka paa lililosimama, mara nyingi nyuzi 45 au zaidi. Ukivichanganya, maji yatapanda kinyume na kuingia ndani. Kwenye mapaa ya vibapa vya mawe ya Périgord usipande kabla fundi seremala hajakagua kenchi, maana mita moja ya mraba inafika nusu tani na zaidi.

Na ukiona nyumba haina dirisha upande mmoja, usimpe mteja wazo la kutoboa. Provence upande huo umeupa mgongo upepo wa mistral. Nchi ya Basque na Landes nyumba hutazama mashariki, kwa sababu mvua inatoka Atlantiki. Aliyeujenga ukuta ule aliishi na upepo huo miaka sitini. Wewe umefika juzi na gari la kukodi.

3. Usiuzibe ukuta wa udongo

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Msimu wangu wa pili Ufaransa nilikuwa Isère, kwenye uwanda wa Bièvre, kati ya Lyon na Grenoble. Kule jiwe la kuchonga ni shida. Kuna kokoto kubwa za duara zilizoachwa na barafu za zamani, na kuna udongo. Kwa hiyo maghala, nyumba, hata kuta za bustani, vyote ni pize, udongo wa kushindilia. Mnaijua kazi yenyewe: kitako cha ukuta kinajengwa kwa zile kokoto na chokaa, zinalazwa mshazari safu hii kulia, safu ile kushoto, kama miiba ya samaki, juu yake unafunga kalibu ya mbao, unamwaga udongo wenye unyevu kidogo tu, ule unaoshikana ukiufumbata bila kuchafua kiganja, unaupiga kwa mchi mpaka mchi ubadilishe sauti, unaongeza tabaka jingine. Ukuta upana wake nusu mita hivi. Wafaransa wa kule walikuwa na mtu wao, François Cointeraux, aliyezaliwa Lyon mwaka 1740, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi watu wajenge kwa udongo, na kuanzia mwaka 1790 akachapisha vitabu vya kuwafundisha.

Ghala lilikuwa la bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Babu yake ndiye aliyelishindilia. Kona ya kaskazini ilikuwa imeliwa kidogo chini, kwa sababu mfereji wa paa ulikuwa umetoboka na maji yalikuwa yakimwagika pale pale kila mvua. Dawa yake ilikuwa ndogo: tengeneza mfereji, ondoa udongo uliolegea, jaza udongo mpya, pitisha lipu nyembamba ya chokaa, ondoka.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Baridi imeanza na chokaa inachelewa kushika. Msimamizi akaugua, akaniachia kazi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka akirudi akute nimemaliza. Nikaenda dukani, nikarudi na saruji. Nikapigilia wavu wa chuma juu ya udongo, nikapiga lipu ya sentimita tatu kutoka chini mpaka juu kidogo ya kichwa changu, pande zote mbili za kona. Kisha nikamwaga zege ardhini, upana wa mita moja, limegusana na ukuta, nikidhani ninayafukuza maji. Nikasawazisha kwa rula ndefu, nikaweka pima maji, tone la hewa likakaa katikati. Bibi alitoka na kanzu yake ya jikoni, akaipapasa ile lipu, akagonga kwa pete yake. "Ni ngumu sana," akasema. Nikamshukuru. Nilidhani ananisifu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mimi ni mtoto wa fundi chokaa wa Mji Mkongwe. Nimekua kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, nimechezea niru kabla sijajua kusoma. Niliona majirani wakipiga saruji kwenye kuta zile, na baada ya miaka michache lipu inatoka mabamba mabamba na vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta. Baba alikuwa akiiita saruji shati la nailoni: linang'aa, lakini aliyelivaa analowa jasho. Niliyasikia maneno hayo mara mia. Nikavuka bahari, nikaona ukuta wa udongo badala ya matumbawe, nikadhani ni habari nyingine. Nikaona ukuta wa kimaskini unaohitaji kusaidiwa.

Februari, baada ya majira mawili ya baridi, simu ikapigwa. Kona imeanguka usiku.

Nilipofika, lipu yangu ilikuwa bado imesimama. Sehemu ya ukuta imemwagika kwa ndani, boriti ya paa inaning'inia, na lile bamba la saruji na wavu wake limesimama peke yake kama ganda la yai. Nikapitisha mkono nyuma yake. Ulikuwa uwazi wa kuingia ngumi. Chini kabisa, pale ulipokuwa ukuta, nikasukuma kidole ukazama mpaka kifundo cha pili, udongo laini kama wa mfinyanzi aliyetoka kuukanda. Kisha nikanyoosha mkono juu, pale lipu yangu ilipokuwa imeishia, kwenye ukuta uliobaki wazi kama babu alivyouacha. Nikagonga. Mkavu, unalia kama mlango wa mvule. Kati ya ulowevu na ukavu palikuwa na mstari, na mstari ule niliuchora mimi kwa rula.

Nielezee kwa ufupi, maana mtaulizwa na wateja. Ukuta wa udongo siku zote unanyonya maji kidogo kutoka ardhini na siku zote unayatoa, kama jasho, kupitia uso wake. Saruji inauziba uso huo, kwa hiyo maji yanatafuta njia ya juu zaidi, mwaka hadi mwaka. Zege la pembeni linafanya vibaya zaidi: unyevu uliokuwa ukitokea ardhini unaelekezwa wote ukutani. Lipu ngumu ikipata ufa mwembamba, mvua inaingia na haina pa kutokea. Udongo wa pize una nguvu ukiwa mkavu. Ukishalowa kupita kiasi unarudi kuwa matope, na juu yake pana tani kadhaa za ukuta na paa.

Hakuna aliyeumia. Gunia nne za jozi za bibi, zile kokwa za kula zenye ganda gumu, zilifukiwa. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama ni mimi niliyepiga ile ngumu. Nikasema ni mimi, mama. "Basi utakuja kuijenga." Hakuongeza neno.

Nilikwenda Jumamosi tisa, bila malipo, pamoja na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa akishindilia tangu utoto. Sikujua nitapata wapi udongo wa rangi ile. Mzee akanionyesha rundo la udongo ulioanguka: ndio huo huo. Tuliuanika, tukauvunjavunja, tukauchekecha, tukaunyunyizia maji, tukaurudisha kwenye kalibu. Saruji yangu ilikwenda jalalani, udongo wa babu ukarudi mahali pake. Kila tabaka mzee alininyamazisha tusikie mchi. Mwanzo unatoa sauti ya mto wa pamba. Ukiendelea, inakuwa sauti ya kisigino kwenye sakafu, hapo ndipo unaacha. Siku ya mwisho bibi alituletea jozi zilizookolewa kwenye kifusi, na tukazivunja kwa nyundo juu ya kitako cha kokoto.

Sisemi saruji ni adui. Louis Vicat, mhandisi aliyeeleza mwanzoni mwa karne ya 19 jinsi ya kutengeneza chokaa inayoganda hata majini, alifia Grenoble mwaka 1861, katika Isère hiyo hiyo ya pize. Alikuwa mjenzi wa madaraja, na kwenye daraja kazi yake ina maana. Ghala la bibi halikuwa daraja.

Ninyi wa Komoro na Mayotte hamna udhuru kabisa. Mayotte wamejenga maelfu ya nyumba kwa matofali ya udongo uliokandamizwa. Mmeyaona kwa macho yenu.

4. Tufo

Ni jiwe laini, linakatwa kwa msumeno wa mkono, na karibu nusu ya ujazo wake ni vitundu. Majumba ya Chenonceau na Azay-le-Rideau yamejengwa kwa hilo. Tumia CL 90 au NHL 2, zile chokaa laini, weka NHL 5, ile ngumu, mbali, na mashine ya kusafishia kwa shinikizo la maji usiifungue hata kwenye gari. Ukiziba viungo kwa saruji, jiwe ndilo litakaloliwa: baada ya miaka kadhaa viungo vyako vitabaki vimetokeza nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na katikati yake mashimo.

5. Nyumba za mbao na udongo

Alsace na Normandie mtakuta fremu za mbao zilizojazwa fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Wengi wenu mmekandika nyumba ya bibi huko kwetu, kazi hii mnaijua kuliko mwalimu wenu, semeni basi, msikae kimya mkidhani ujuzi ni ule tu wenye cheti. Angalieni alama za kirumi zilizochongwa kwenye maungio ya mbao: ni namba za seremala, zinazoonyesha mti upi unaingia wapi. Fremu ilikatwa na kujaribiwa chini kwanza, kisha ikasimamishwa, na nyumba za aina hii zilikuwa zikivunjwa na kuhamishwa kijiji kingine. Ukitupa mti wenye namba umetupa ukurasa. Rangi ya plastiki juu ya fremu hizo inaozesha mbao kwa njia ile ile niliyoozesha ghala.

6. Mchanga ndio rangi

Lipu ya chokaa haipakwi rangi ili ifanane na mji, inapata rangi kwa mchanga wa pale pale. Kusini mwa Beaujolais kuna vijiji vya mawe ya dhahabu, ya manjano kwa sababu ya chuma kilichomo. Jua la jioni likiyapiga utadhani nyumba zimewashwa taa kwa ndani. Kijana mmoja niliyekuwa naye, mtu wa Bujumbura, mchapakazi kweli, aliagiza mchanga mweupe wa mtoni kutoka mbali kwa sababu ulikuwa msafi. Alipomaliza, nyumba ile ilionekana kutoka upande wa pili wa bonde, kama jino la bandia katika mdomo wa mzee. Mteja alilia. Tukaibandua yote, siku kumi na moja, na yeye hakulalamika hata mara moja, ndiyo maana leo ana kampuni yake na mimi ndiye ninayempigia simu kuuliza mchanga.

7. Vibali na kinga

Kwa kawaida, ndani ya mita 500 za jengo la kihistoria linalolindwa na sheria, yule msanifu wa serikali, ABF, ana neno lake hata kwenye rangi ya dirisha, kwa hiyo soma barua yake kabla ya kufunga jukwaa. Miwani kwenye chokaa, barakoa kwenye matale na jiwe la mchanga. Sirudii.

8. Toulouse

Tofali la pale ni kubwa na bapa, karibu sentimita 42 kwa 28, unene wa 5 hivi. Pima la nyumba unayoikarabati kabla ya kuagiza. Kiungo chake ni kinene; msikikondeshe ili kionekane cha kisasa. Na pale mtakapokuta safu za kokoto za mto kati ya safu za matofali, msidhani ni umaskini wa kuficha chini ya lipu. Uliza kwanza kama ukuta ule uliwahi kuvaa lipu. Jirani mzee kwa kawaida anajua, na anafurahi kuulizwa, na ukimsikiliza vizuri atakuonyesha na shimo walikochimba.

Nirudi Saumur. Nilimteremsha yule kijana wa Uvira, nikamkabidhi kipande cha tufo mkononi, nikalimwagia jiwe maji kikombe kizima. Maji yakapotea yote, hakuna tone lililoanguka. Akalitazama jiwe, akatazama juu kwenye mita zake nne. "Mzee, nitatoa yote?" Yote, nikamwambia, na kwa tindo na nyundo ndogo, siyo mashine, kabla haijakaza.

Ilimchukua siku tatu. Alhamisi jioni tulikwenda pamoja machimboni, pango refu ambalo sasa wanalaza mvinyo, na mwenye nalo akaturuhusu kuchota ndoo mbili za unga wa jiwe uliobaki sakafuni. Tumeuchekecha leo. Kesho saa mbili asubuhi anaanza upya kiungo cha kwanza, chini kushoto.